Samaki Wakubwa Tulipishana Nao Njiani

Tumerudi Nairobi, na harufu ya moshi wa kuni bado imo kwenye mapazia ya gari. Watoto wanaongea habari za mawimbi. Mimi nawaza samaki. Wale wakubwa tulipishana nao njiani: sisi tukiteremka Pwani, wao wakipanda Nairobi, wamelazwa kwenye barafu ndani ya malori.

Gari tulikodi, vani iliyogeuzwa nyumba: vitanda, jiko la gesi, tangi la maji, na nafasi ya mama mkwe kukaa mbele kama nahodha. Kilomita 480 hivi za Mombasa Road sitazisimulia. Karibu na Miritini tukashika barabara ya Dongo Kundu, tukakwepa foleni ya feri ya Likoni, tukatokea Kwale.

Gazi, kijiji cha wavuvi, tuliomba ruhusa kwa wazee, tukaonyeshwa mwembe wa kuegesha chini yake. Ilikuwa Desemba, upepo wa kaskazi umeshika na bahari imetulia, kwa hiyo hata ngalawa ndogo zilikuwa zikitoka. Wakati wa upepo wa kusi, bahari ikichafuka, wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba unaozuia mawimbi au nyumbani kabisa. Siku ya pili tu, watoto waliacha kuuliza chakula cha mchana ni saa ngapi, wakawa wanauliza maji yanajaa saa ngapi.

Vyombo viliporudi, tulikwenda kutazama. Nguru, kolekole, chewa na kamba walipanda mizani na kuingia moja kwa moja kwenye sanduku la barafu la tajiri. Tajiri ndiye huyo mnunuzi ambaye mara nyingi amemkopesha mvuvi nyavu, mashine ya boti, au pesa za karo. Deni likiwapo, samaki ana mwenyewe kabla hajavuliwa, na bei haina mjadala. Wanawake walisubiri pembeni na mabeseni yao. Hawa ndio mama karanga, wanaonunua wadogo waliobaki na kuwakaanga ili kijiji kipate kitoweo.

Mama mkwe alimuuliza mmoja wao, "Dada, mbona huchukui yule mkubwa?"

"Yule si wetu, dada. Yule ni wa Nairobi."

Alisema bila uchungu wowote, na mimi niliyetoka Nairobi nikakosa la kusema.

Jioni tulikaa karibu na karai lake. Alikuwa na tafi na pono, hakuna aliyezidi kiganja. Tafi alimkata mapezi kwanza, kwa kuwa miiba yake ina sumu na ikikuchoma utalia hadi usiku. Kisha akamchanja ubavuni, chale za karibu karibu, akampaka chumvi, ndimu, kitunguu thomu na pilipili, akamwacha atulie huku mafuta yakishika moto. Zile chale ndizo siri: mafuta huingia hadi mfupani, na vimiba vidogo vinakauka vikatafunika. Tulimla na sima na mchicha wa nazi, kwa mikono. Binti yangu, ambaye Nairobi hula minofu peke yake, alibakisha kichwa tu. Nimekula samaki wa bei ghali katika mji huu, na hakuna aliyemfikia yule tafi.

Asubuhi ilikuwa mahamri na mbaazi za nazi, kisha tukatembea kwenye daraja la mbao ambalo akina mama wa Gazi wanalitumia kuwaonyesha wageni mikoko. Hapo ndipo palipo mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza mikoko inayonyonya hewa hiyo, mwaka 2013, na mapato yake yakasaidia maji na shule. Samaki wengi na kamba hukulia kwenye mizizi ile. Mikoko ikikatwa, mama karanga ndiye atakayeona beseni tupu kwanza.

Shimoni tulipata pweza. Maji ya bamvua yalikupwa mbali sana, miamba ikabaki wazi, na watu wakaenda kwa miguu kumtafuta mashimoni mwake. Alipigwa, akachemshwa hadi maji yake yakakauka, ndipo tui zito likatiwa. Vanga tulipita tu. Joto lilikuwa kali na tangi limekwisha maji.

Baba watoto anasema dawa ni barafu: wavuvi wakiwa na barafu yao wenyewe, watamsubirisha tajiri na bei itapanda. Namkubalia nusu. Samaki mkubwa atapata bei nzuri, lakini atapanda lori vilevile, na huenda hata yule mdogo akaanza kufuatwa. Sasa nikifika City Market, soko la hapa Nairobi, nauliza kila samaki ametoka wapi na mvuvi alilipwa ngapi. Swali la kwanza hujibiwa haraka.

Likizo ya Aprili nataka twende Kilifi, pale Kuruwitu, ambapo wavuvi wenyewe miaka ya 2000 walifunga hekta 30 za bahari ili samaki wazaliane. Nitawasikiliza wavuvi, ila nitakaa zaidi na wanawake wa makarai. Wao ndio nataka waniambie kama samaki waliorudi wamefika pia kwenye mabeseni yao.