Milimita moja na nusu

Bodi niliyojitengenezea ilikuwa ya rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) mbili za volti 5, ya kupachika juu ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya bodi moja, ili iwashe pampu ya maji ya volti 230. Koili ya rilei moja hula kama miliampea 71, na pini ya Uno haifai kudaiwa zaidi ya 20. Kwa hiyo kila rilei nikaipa transista ya 2N2222 ya kubeba mzigo badala ya pini, rezista ya kiloomu 1 kwenye beisi, na diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea volti 5. Ukiigeuza hiyo diodi, transista inaungua.

Saketi niliihangaikia wiki nzima. Soketi za Uno, ambamo pini za bodi yangu zingeingia, sikuzipa hata dakika tano. Nilichora kwenye KiCad, programu ya kuchora bodi, pini zote za dijitali mstari mmoja, milimita 2.54 toka pini hadi pini. Nikachapa kwa printa ya leza, nikahamishia wino kwenye shaba kwa pasi, nikaizamisha kwenye feri kloridi vuguvugu ili ile shaba isiyofunikwa, nikatoboa kwa drili ya milimita 1.

Kupachika, ikagoma. Pini nane za kwanza zilikaa, kumi zilizofuata zikagonga plastiki. Kati ya pini ya 7 na ya 8, Uno ina pengo la milimita 4.06: kosa la uchoraji la siku za mwanzo, likaachwa ili bodi za zamani ziendelee kuingia. Nilizing'oa zile kumi, ishara ya rilei ya pili nikaihamishia pini ya 6 kwa kipande cha waya.

Ikaingia. Kabla ya umeme wa ukutani nikapima kwa multimita, ikalia pasipotakiwa. Mguu wa terminali ya volti 230 ulikuwa umelalia ganda la chuma la soketi ya USB, lililoungwa na graundi (waya wa volti 0), na graundi inafika hadi kwenye kompyuta. Wengi hubandika utepe juu ya ganda hilo. Kwa volti 5 sina neno. Kwa 230, ncha ya mguu uliokatwa kwa koleo hutoboa utepe.

Bodi ya pili niliichapa kwanza kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi wa asilimia 100, nikachoma pini kupitia karatasi hadi ndani ya soketi. Terminali zikahamia mbali na USB. Rilei hizi zina mguu wa umeme mkubwa katikati ya miguu miwili ya koili, milimita 6 hivi kila upande, kwa hiyo hapo nikakata mwanya kwenye bodi kwa msumeno, kuutenga mguu huo na ile ya koili.