Nilivyoituliza Corolla yangu ya 1998 kwa gharama ndogo

Corolla yangu ni ya mwaka 1998, yenye usukani wa kulia kama magari mengi yaliyotoka Japani yanayoonekana hapa Lubumbashi. Mjini haikunisumbua sana, lakini kwenye barabara ya Likasi, yenye kilometa zipatazo 120, kila ilipopishana na lori la madini ilisukumwa pembeni na upepo, na usukani ukachelewa kuirudisha. Rafiki zangu walinishauri ninunue springi fupi ili gari likae chini. Nilikataa, kwa sababu gari lililoshushwa hugonga tumbo kwenye mashimo ya udongo mwekundu, tena springi mpya haziponyi kilichochakaa chini yake. Dola 300 nilizokuwa nimeweka akiba niliamua zirudishe kwanza uimara ambao gari lilitoka nao kiwandani.

Nilianza na tairi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, yaani namba ya kiwandani inayoanza na herufi hizo ubavuni mwa tairi, huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Mbili zangu zilikuwa zimezeeka na mpira wake umekakamaa. Nilinunua mbili mpya nikazifunga nyuma, kwani mkia ukiteleza kwenye mvua ni vigumu kuliokoa gari.

Kazi kubwa ilikuwa mbele. Fundi wangu wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi na si nchi, mzee mtulivu ambaye hakubali kubadilisha kitu kabla hajakipima, aliliinua gari, akaisukuma mikono ya chini, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi, kwa mtaimbo, akanionyesha bushi, vile vipande vya mpira kwenye maungio yake, zilizokuwa zimechanika. Bushi ikichanika, dereva anapofunga breki gurudumu hurudi nyuma kidogo na kugeuka upande bila usukani kuguswa, na hapo ndipo uyumbaji wote ulipokuwa ukizaliwa. Alipofunga bushi mpya aliacha boliti zikiwa zimelegea, akalishusha gari mpaka likasimama kwa uzito wake, kisha akazikaza. Mafundi wengi huzikaza gari likiwa bado hewani, na mpira hubaki umejikunja muda wote hadi unachanika mapema. Ningemshauri kila mwenye gari asimame pale aione hatua hiyo kwa macho yake.

Amotisere za mbele, yaani vifaa vinavyotuliza mdundo wa springi, zilikuwa zikivuja mafuta, nikabadilisha zote mbili kwa pamoja. Upimaji wa paralelisme, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, niliuacha uwe wa mwisho, kwa kuwa kila kifaa kinachofunguliwa mbele huvuruga mwelekeo wa magurudumu.

Sasa malori hupita na mikono yangu imetulia. Gari bado hulala upande kidogo kwenye kona, na dawa yake ni upau mnene zaidi wa kuzuia kulala, yaani fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia: ugumu wake hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 19 hadi 22 huuongeza kwa karibu asilimia 80. Nitautafuta kwa wauza vipuri vilivyotumika, baada ya kumaliza amotisere za nyuma.