Jinsi nyumba yetu ya Kisauni ilivyoacha kununua kwa kupima

Mshahara wangu wa ukarani hapa Mombasa ni shilingi 40,000 kabla ya makato. Haujapanda tangu mwaka 2022, ila kinachonifikia mkononi kimepungua. Wakati ule nilikatwa shilingi 200 za NSSF, akiba ya uzeeni, na 1,000 za NHIF, bima ya afya ya zamani. Tangu Februari 2025, ukiacha kodi ya mapato, nakatwa 2,400 za NSSF, 1,100 za SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, ambazo ni asilimia 2.75 ya mshahara, na 600 za ushuru wa nyumba, yaani 4,100 mahali pa 1,200. Mume wangu huendesha tuktuk ya mtu, na tangu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023, hesabu anayompelekea mwenye chombo kila jioni imebaki palepale, huku petroli ikila sehemu iliyokuwa yetu. Kutafuta kazi nyingine yenye mshahara mnono haikuwa njia ya kutegemea, kwa kuwa uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 tu mwaka 2024, na takriban kazi tisa katika kila kumi zilizoongezeka mwaka huo zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Nikaamua kuushughulikia upande wa matumizi.

Nilianza kwa kuandika kila kilichonunuliwa, kiasi chake na bei yake. Washauri wa mambo ya fedha hupenda kutuambia tupunguze anasa. Katika daftari langu sikuona anasa, labda kahawa na kashata za mume wangu baada ya Magharibi, na hizo sikuwa na nia ya kumkataza. Nilichokiona ni kwamba karibu kila kitu cha lazima tulikinunua kwa kipimo kidogo, na kila kipimo kidogo kilikuwa ghali. Kwa mafuta ya kupikia tulipeleka chupa dukani tukapimiwa ya shilingi 30, asubuhi na jioni. Sukari ilikuwa ya robo. Makaa yalikuwa ya kopo. Maji tuliyanunua kwa mwenye mkokoteni kwa shilingi 20 kila mtungi wa lita 20. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50, kwa hiyo tulikuwa tukiilipia shilingi 1,000, ilhali mwenye bomba linalotoka maji halipi hata nusu ya hizo kwa kiasi kilekile. Pengo la kipato hutajwa sana, lakini hili la aliye na kidogo kulipa zaidi kwa kila lita na kila kilo sikuwa nimewahi kulisikia likihesabiwa.

Umeme ndio ulionishangaza zaidi. Tunakaa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, familia sita, na mita ilikuwa moja ya tokeni, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, tukichangishana. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi ilitozwa shilingi 12.22 kwa uniti, ya kati ya 30 na 100 ilitozwa 16.30, na iliyopita 100 ilitozwa 20.97, yote kabla ya kodi na tozo nyingine. Kinachotazamwa ni wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kabla ya hapo bei ya chini kabisa ilifika hadi uniti 100. Ngazi hizo ziliwekwa ili mwenye matumizi madogo apate nafuu. Kila familia katika korido yetu ilikuwa na taa, redio na chaji ya simu, wengine televisheni, na peke yake isingefika uniti 30. Lakini tukijumlishwa kwenye mita moja tulikuwa tukisomeka kama bangalo moja yenye viyoyozi.

Kuigawa mita kulihitaji maneno mengi kuliko fedha. Mwenye nyumba alihofia gharama za fundi na cheti cha nyaya, mpaka tulipokubaliana kwamba sisi tutatangulia kulipa, naye atukate kidogo kidogo kwenye kodi ya vyumba. Bi mkubwa wa chumba cha mbele, anayeuza barafu za mabuyu na ana friji inayowaka mchana kutwa, alipinga. "Mwanangu, mnanitoa kwenye mita ili nife na friji yangu?" aliniuliza, na hakukosea, kwa maana tulikuwa tumemsaidia kulipia friji hiyo muda wote. Mwishowe yeye na familia moja isiyo na matumizi makubwa walibaki na mita ya zamani, na sisi vyumba vinne tukagawana mita mbili mpya, viwili kwa viwili. Mita yetu huzidi uniti 30 mara nyingi, kwa hiyo tuko ngazi ya kati. Ni nafuu, ingawa si ile niliyoilenga.

Kwa chakula nilibadilisha mpangilio wa fedha zenyewe. Zamani mshahara wangu ulikwenda kulipa deni la daftari la duka, kisha tukaanza kukopa upya. Sasa mshahara hununua vikavu na gesi ya mtungi wa kilo 6, na fedha za tuktuk za kila siku hununua samaki, mboga na maji. Ili kuvunja deni la mwanzo nilitumia zamu yangu ya mchezo, yaani fedha tulizokuwa tukichanga wanawake wa nyumba hii na kumpa mmoja wetu kwa zamu, na baadaye tukaugeuza mchezo wenyewe: badala ya kumpa mtu mmoja fedha taslimu, tunakwenda soko la Kongowea kununua gunia la maharagwe, mchele wa kilo 25 na dumu la mafuta la lita 20, tukaja kugawana koridoni kwa mizani ya kuazima.

Mmoja wetu hufulia watu nguo na hakuweza kutoa mchango kabla ya bidhaa kufika, jambo ambalo ndilo linalomfanya aliye chini kabisa abaki kupimiwa dukani hata majirani zake wakitoka huko. Tulipatana kwamba yeye ndiye atakayesimamia mizani na kufungasha, na fungu lake alilipe kwa wiki kadiri anavyopata kazi. Wawili walinung'unika, lakini mpaka sasa hajawahi kubakiza deni kuingia gunia jingine. Tunachokizungumza kwa sasa ni tangi la maji la lita 1,000 la kuweka uani, na tumegawanyika kuhusu nani atakaa na ufunguo.