Kichochoro chetu Mabatini, Mwanza: wiki ya tisa

Natandaza mawe kichochoroni kwetu; vuli imefika na imenirudisha nyuma mita sita. Mawe niliyopanga mwezi uliopita kwenye kona ya juu yamekaa hovyo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, na mchanga uliokuwa chini yake wote umeteremka. Ulikokwenda kunajulikana: mtaroni, Mto Mirongo, ziwani.

Kosa ni langu. Matale, mawe yetu haya, ni mazito, nikajiaminisha kwamba yatajishika yenyewe, sikuweka kingo. Jumapili nikapanda hadi barabara ya mawe ya mlima wa pili, ile inayopitwa na bodaboda kutwa nzima, nikachuchumaa pembeni kama aliyedondosha hela. Kumbe pembezoni kuna mawe marefu yamesimamishwa wima, zaidi ya nusu yamezikwa. Hayo ndiyo yanayobana barabara. Ya katikati ni abiria.

Basi nafumua. Kila upande nachimba sentimita 30, nasimamisha jiwe la kingo, nashindilia kokoto kwa ncha ya mtaimbo mpaka jiwe lisitikisike ukilipiga teke. Ndipo mchanga, ndipo mawe, bapa juu, nyufa zikijazwa vipande. Njia nzima inalalia upande wa mtaro, sentimita 3 kwa kila mita. Napima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Mpwa wangu anashika ncha moja, mimi nyingine, na tunagombana kila mara kwa sababu anacheka na maji yanacheza.

Ngazi nazo nimezivunja. Bibi wa nyumba ya juu alinikuta asubuhi, tukasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, akatua ndoo yake chini akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizi umemjengea twiga?" Nilikuwa nimeweka 5 za sentimita 22. Ukiwa na ndoo kichwani, hiyo ni adhabu. Sasa ni 7, kila moja karibu 16, na bibi amezipita mara mbili bila kusema neno. Kwake hiyo ni sifa.

Mtaro ulinipotezea siku nzima. Ndoo nne za pampasi, majivu na mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2019, ila mtaro wetu haujapata taarifa. Mjumbe alitangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, tukatokea watu wanne, mmoja kaja na redio tu. Simlaumu sana, alikuwa na nyimbo nzuri.

Zimebaki mita 11. Mawe nimeshalipia kwa wapasuaji, yako chini barabarani. Kijana wa toroli amekuja, akatazama, akataka bei mara mbili: pale pembeni palipokuwa na mteremko wa kupitishia gurudumu, nimepaziba kwa ngazi zangu 7. Kwa hiyo yatapanda begani, moja moja.