Siku moja studio: kumtafuta bibi wa maji ya kunde

Saa 1:15 asubuhi

Nafungua studio yangu hapa Tanga, na kabla hata ya kufagia nawasha printa. Ni ya matangi, wino wa rangi sita: nyeusi, njano, samawati, majenta, samawati hafifu na majenta hafifu. Kila siku huanza kwa kutoa ukurasa wa kupima matundu ya hedi, yaani kichwa cha printa kinachonyunyizia wino. Leo mistari ya majenta hafifu imekatikakatika. Nikianza kazi hivi, kila uso utatoka na ukijani wa majivu, maana wino huo ndio unaoipa ngozi yetu joto lake.

Nasafisha hedi mara moja, mara ya pili, yanabaki mapengo mawili. Naiacha nusu saa, nakunywa chai na mihogo. Kusafisha mara tano mfululizo ni kumwaga wino tu na kujaza sponji ya wino taka iliyo chini ya mashine. Hewa iliyonasa ndani inahitaji muda wa kutoka. Nikirudi, mistari yote imetimia.

Saa 2:30

Skrini imeshapata joto. Naning'iniza Spyder, kile kifaa kidogo cha kupimia rangi, naipanga skrini kwenye weupe wa kelvini 6500, gama 2.2 (mpangilio wa rangi za kati, toka giza hadi mwanga), mwanga wa kandela 100. Wenzangu wengi hulalamika kwamba picha zao zinatoka na giza wakati printa haina kosa lolote. Skrini mpya huwa inawaka mno, ukiiamini utaipunguzia picha mwanga mwenyewe. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua kifaa hiki kabla ya printa kubwa zaidi.

Saa 3 hadi saa 5

Picha za paspoti. Wanafunzi, foleni, kola za mashati.

Saa 5:20

Anaingia mzee mmoja, kanzu imepigwa pasi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Anataka picha ya marehemu mkewe, ukubwa wa A4. Aliyonayo imepita simu hadi simu, imebanwa kila ilipopita. A4 ya nukta 300 kwa inchi inataka takriban pikseli 2480 kwa 3508, hii haifiki hata nusu. Namwomba ampigie mjukuu aliyepiga, aitume ile ya asili kama hati, isibanwe. Inafika baada ya dakika kumi. Bibi amekaa barazani, amejitanda kanga ya kisutu, anacheka.

Saa 7:40 mchana

Nakala ya kwanza. Mzee anaitazama kimya, kisha anasema taratibu: "Mwanangu, mke wangu alikuwa maji ya kunde. Huyu mmemtia ukijani."

Ni kweli kabisa, na neno lake limenichoma. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi za Shirley za Kodak, zenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti za ngozi ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Ndiyo maana mimi nina ukurasa wangu wa kupimia, una nyuso za mama yangu, shangazi na mtoto wa jirani. Nautoa sasa hivi. Nao una ukijani.

Matundu yako sawa. Skrini nimeipima asubuhi. Kilichobadilika ni karatasi: jana nilifungua pakiti mpya ya glosi, ile karatasi ya kung'aa, gramu 230 kama ile ya zamani, ila ya kiwanda kingine. Uzito hauna neno hapa. Kila karatasi ina weupe wake na namna yake ya kunywa wino, na profaili niliyonayo, yaani faili inayoiambia printa jinsi ya kutoa rangi kwenye karatasi fulani, ilitengenezwa kwa ile ya zamani. Nikianza kuvuta rangi kwa mkono, nitamtengeneza bibi na kuharibu picha itakayofuata.

Saa 9

Mashine ya kusoma rangi za karatasi na kutengeneza profaili bei yake siiwezi. Kwa hiyo natoa ukurasa wa viraka vya rangi kwenye karatasi mpya, nikiwa nimezima usahihishaji wote wa rangi. Utakauka hadi kesho, utapanda basi kwenda kwa rafiki yangu Dar, naye atanirudishia profaili kwa barua pepe.

Kwa bibi, zimebaki karatasi 12 za zamani, kwenye mfuko uliofungwa na vipakiti vya kunyonya unyevu. Hewa ya pwani haisamehe karatasi iliyoachwa wazi. Namkagua kijana wangu: programu ndiyo isimamie rangi, na ndani ya printa usimamizi uzimwe. Vikifanya kazi vyote viwili, rangi inasahihishwa mara mbili na nyuso huweza kuiva wekundu.

Saa 10:10 jioni

Natoka na nakala ya pili hadi uani, kivulini chini ya mwarobaini, kwa sababu taa za dukani zina ukijani wake. Wekundu wa kisutu umetulia, weusi wake haujameza mauamaua. Mzee anaishika kwa ncha za vidole, pembeni. Haniambii kitu. Anamwambia bibi, "Umekuja."

Saa 12:15

Alitaka kuondoka nayo. Nimemwomba aniachie hadi kesho, kwani wino ukifungiwa nyuma ya kioo kabla haujakauka vizuri, kioo huingia ukungu. Nimeilaza mezani uso juu, nikafunga madirisha ya upande wa barabarani, vumbi lisimfikie.