Mgonjwa aliyelala vizuri mno

Usiku ule niliandika kwenye faili: "Ametulia, amelala." Maneno hayo mawili yananiuma hadi leo.

Alikuwa mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu. Alifika wodini jioni akihema, sentensi haimaliziki. Nikamwongezea oksijeni, kipimo cha kidoleni kikapanda hadi asilimia 99, nikaridhika. Alilalamika kichwa, nikampa dawa ya maumivu. Saa nane usiku alikuwa kimya, na wodi ikijaa, muuguzi humpenda mgonjwa aliye kimya. Tusidanganyane.

Sista kiongozi wa zamu alipopita hakuitazama mashine. Alimshika mkono: wa moto, umelowa jasho, mapigo yanagonga kwa nguvu. (Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, gusa.) Akamwamsha na kumuuliza yuko wapi. Mzee akaanza kujibu, akasinzia katikati ya neno. Tulipomwambia anyooshe mikono na kuinua viganja kama anayesimamisha gari, vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, kama mbawa.

Damu ya ateri ikasema yote: pH 7.24, yaani damu imeshakuwa na asidi, na kaboni dioksaidi 78, wakati kawaida yake ni 35 hadi 45.

Kile kidude cha kidoleni hupima oksijeni na mapigo ya moyo tu. Kaboni dioksaidi, hewa chafu inayoshindwa kutoka, hakiioni kabisa, nayo ikilundikana hugeuza damu kuwa na asidi na kuulevya ubongo. Figo hujaribu kurekebisha, lakini huchukua siku kadhaa. Mgonjwa wa usiku mmoja hana siku hizo. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyetoka upasuaji akapewa mofini, dawa kali ya maumivu: anakoroma, anapumua mara 8 kwa dakika, na sisi tunasema anapumzika.

Kwa mapafu kama ya mzee yule, oksijeni nyingi niliyompa ilichangia hewa hiyo kulundikana. Lakini hatukuiondoa, kwani kuikata ghafla ni hatari nyingine. Tuliishusha taratibu tukilenga 88 hadi 92, daktari akamfunga mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa, damu ikapimwa tena baada ya saa moja.

Siku hizi nahesabu pumzi dakika nzima, nikitazama kifua, kabla sijagusa kidole. Na anayelala namwamsha, hata akinuna.

Mzee yule alinuna. Kulipokucha alivua barakoa kidogo akaniuliza, kwa sentensi nzima, ni muuguzi gani asiyeacha watu walale.