Mtu wenu amefariki kwa asbesto? Kesi haijazikwa naye

Kuna maneno nayasikia kila nikiongea na familia iliyopoteza mtu kwa magonjwa ya asbesto, yale madini ya nyuzi yaliyokuwa yanatumika kuzuia joto na vumbi lake likivutwa linaharibu mapafu: "sasa tutamshtaki nani na mwenyewe ameshaondoka". Wakishasema hivyo wanakunja makaratasi wanayatupia juu ya kabati, basi. Shangazi yangu naye alitaka kufanya hivyohivyo alipofiwa na mumewe, mzee aliyevalisha asbesto kwenye mabomba ya boila karibu ujana wake wote, na wifi zake wakamuunga mkono eti yaishe, kazi ya Mungu haina makosa. Sawa, haina makosa, lakini lile vumbi pale kazini lililetwa na watu.

Mimi si wakili, nimesoma tu na kuhangaika na hizi mambo, kwa hiyo chukua hii kama ramani ya kukufikisha kwa wakili ukiwa unajua unachouliza.

Kitu cha kwanza, dai halifi na mtu. Tena kesi kubwa kabisa iliyofungua mlango Marekani ilimaliziwa na mjane. Clarence Borel alikuwa fundi wa kuvalisha mabomba Texas tangu 1936, mwaka 1969 akaambiwa mapafu yameharibika kwa asbesto, akayashtaki makampuni yaliyotengeneza zile bidhaa, 1970 akafa hata kesi haijaanza kusikilizwa. Mkewe akaingia nafasi yake, akashinda, na 1973 mahakama ya rufaa ikasema watengenezaji walikuwa na wajibu wa kuwaonya wafanyakazi. Maelfu ya kesi zilizofuata zimepita mlango huohuo.

Sasa kwenye nchi nyingi kuna madai ya aina mbili na watu wanayachanganya. La kwanza ni la marehemu mwenyewe, maumivu aliyopata, matibabu, mshahara aliopoteza tangu augue, hilo linarithiwa na linaendeshwa na msimamizi wa mirathi, manake bila mtu aliyethibitishwa kusimamia mirathi wakili hana wa kumwakilisha. La pili ni la nyinyi mliobaki, mke au mume, watoto, yeyote aliyekuwa anamtegemea: kipato kilichokatika, gharama za mazishi, na baadhi ya nchi hata huzuni yenyewe inalipwa. Yanaweza kwenda pamoja lakini pesa zake zinagawanywa tofauti, na hapa ndo ndugu huwa wanagombana, mtu anadhani fidia yote ni mirathi wakati sehemu kubwa inaweza kuwa ya mjane peke yake.

Halafu muda. Hapa naomba usome polepole. Asbesto inakaa mwilini miaka 20 mpaka 50 ndo mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, inajitokeza, kwa hiyo watu wanaona kama wameshachelewa zamani. Hapana, sheria nyingi hazihesabu kuanzia siku alipovuta vumbi, zinahesabu kuanzia siku mlipojua ugonjwa umetokana na nini, au siku ya kifo. Ila saa ikishaanza haina huruma. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, California ni mwaka 1 tu tangu kifo au tangu mjue kifo kimesababishwa na asbesto, ipi iliyo nyuma zaidi. Na kuna mtego: Uingereza, kama marehemu alijua ugonjwa wake akakaa mpaka muda wake mwenyewe ukaisha akiwa hai, familia inaweza kukuta dai limeshakufa kabla yake. Ndo maana kumwambia mtu "subirini kwanza msiba upoe" siku hizi naona ni ushauri mbaya, hata kama umetoka kwa mtu mzima mwenye nia njema.

Kuliko vyote mimi nasisitiza karatasi ya sababu ya kifo. Cheti kikiandikwa "nimonia" au "kushindwa kupumua" mtakuwa mmeanza mbio mguu mmoja, kwa sababu upande wa pili atasimama na kusema huyu mzee alikufa kwa nimonia kama wazee wengine. Muulizeni daktari kabla hajasaini kama mesotelioma au asbesto itatajwa. Kama kuna shaka ombeni uchunguzi wa mwili kabla ya kuzika au kuchoma, najua ni kitu kigumu kukizungumza na watu wamekaa wanalia, lakini ukishazika umezika na ushahidi. England na Wales kifo kinachohisiwa kimetokana na kazi kinaenda kwa afisa wa uchunguzi wa vifo hata familia isipoomba, kwingine lazima muombe wenyewe. Na kama alikatwa kinyama cha kupima akiwa hai, iandikieni hospitali wakitunze wasikitupe.

Baada ya hapo ni historia ya kazi. Kaa chini uandike kila sehemu aliyofanya kazi, mwaka gani mpaka mwaka gani, alikuwa anafanya nini hasa, maboksi ya bidhaa yalikuwa na jina gani, nani alikuwa pembeni yake. Hati za mshahara, kadi ya chama cha wafanyakazi, picha za kazini amevaa ovaroli nyeupe kwa vumbi, vyote hivyo ni dhahabu. Marekani na Uingereza kumbukumbu za serikali za michango ya hifadhi ya jamii zinaonyesha waajiri wake wote na familia inaweza kuziomba. Ila hakuna kinachoshinda rafiki wa kazini aliye hai, na hao nao ni wazee, wengine wanaumwa ugonjwa uleule, kwa hiyo hati ya kiapo ichukuliwe sasa hivi.

Watu wanauliza je kama alifanya kazi sehemu tano, nani wa kulaumiwa? Hilo lilifika mpaka mahakama ya juu ya Uingereza 2002 kwenye kesi ya Fairchild, nayo wajane walikuwa miongoni mwa waliodai. Waajiri walijitetea kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha nyuzi za nani ndo zilizoua. Majaji wakakataa, wakasema anayeongeza hatari anawajibika, na sheria ya 2006 ikaongeza kwamba kwa mesotelioma unaweza kumdai mmoja wao fidia nzima, yeye atajua mwenyewe na wenzake. Raha ilioje.

Na kampuni ikiwa imefungwa? Bado. Johns-Manville, jitu kubwa la asbesto Marekani, lilikimbilia mufilisi 1982 na 1988 ukaanzishwa mfuko wa kuwalipa waathirika, baadae makampuni mengine mengi yakafanya hivyo. Mifuko hii inapokea maombi ya familia bila kwenda mahakamani, ila mingi inalipa asilimia tu ya thamani ya dai, maana pesa inatakiwa itoshe na wa kesho. Uingereza unatafuta bima ya mwajiri wa zamani, na bima nayo isipopatikana kuna mpango wa malipo ya mesotelioma tangu 2014. Ufaransa wana mfuko wa taifa unaolipa hata warithi. Na kampuni mama ikiwa nchi nyingine si mwisho wa njia: wachimbaji na wanavijiji zaidi ya 3,000 wa Afrika Kusini waliruhusiwa mwaka 2000 kuishtaki Cape, kampuni ya Uingereza ya asbesto, huko London, wakamalizana nayo 2003, japo wengi walikufa wakisubiri.

Wake waliokuwa wanafua zile ovaroli nao wanakufa kwa mesotelioma, na dai lao ni gumu zaidi. California mahakama ilisema 2016 kwamba mwajiri ana wajibu kwa watu wa nyumbani pia, majimbo mengine yamekataa kabisa. Sigara je? Mesotelioma haisababishwi na sigara, kwa hiyo wakikutisha nayo usitishike. Saratani ya mapafu ni hadithi nyingine, hapo watabishana sana.

Kama mgonjwa wenu bado yuko hai someni hii mara mbili. Akisaini malipo ya mwisho kabisa, kwenye nchi nyingi familia haiwezi kurudi kudai akishafariki. Scotland wagonjwa walikuwa wanaacha kudai wakiwa hai ili watoto wapate zaidi, mtu anakufa bila hata senti, mpaka sheria ikabadilishwa 2007 ili ndugu wabaki na dai lao. Kwa hiyo kabla ya kusaini muulizeni wakili swali hilohilo, nini kinabaki kwa mke na watoto.

Mawakili wengi wa kesi hizi hawachukui pesa mbele, wanachukua asilimia mkishinda. Asilimia hiyo iandikwe, na iandikwe pia mkishindwa gharama za wataalamu na za upande wa pili analipa nani. Anayekupigia simu siku ya tatu ya msiba anataka usaini haraka, kata simu, tafuta mwingine.